Tujenge Gati, Tusibomoe Watu

Kakamega haina bandari. Mto Isiukhu haubebi jahazi, na mvua yetu ya alasiri, ijapokuwa ni nyingi, haijapata kufanya ghuba. Kwa hivyo mtu aliyekaa hapa akashika kalamu kuandika habari za bandari hana budi kuwa tayari kuchekwa. Najua wako watakaoniambia: "Wewe mtu wa pwani, ndoa na kazi zimekuleta huku bara miaka mingi sasa, mbona hujaacha kuiota bahari?" Nami nawajibu kwamba bandari ninayotaka kuizungumza leo iko kiasi cha kilomita 50 tu kutoka hapa, na kila nyumba ya mji huu inaijua kwa mdomo kama si kwa macho. Omena apimwaye kwa gorogoro sokoni Kakamega ametoka ziwani. Mbuta na ngege wanaokaangwa jioni kando ya barabara wametoka ziwani. Na katika vijiji vyetu wako wazee waliokula mshahara wa reli na wa meli, wakasomesha watoto wao kwa jasho la gati la Kisumu.

Bandari hiyo ya Kisumu, ndugu wasomaji, imo katika kufufuliwa. Tangu mwaka 2019 Serikali iliianzia kazi kubwa: gati lilitengenezwa, maghala yakapakwa rangi, mitambo ikakarabatiwa, na gharama iliyotajwa hadharani ilikuwa kiasi cha shilingi bilioni 3. Meli ya MV Uhuru, ambayo vipande vyake viliundwa Scotland katika miaka ya 1960 vikaja kuungwa hapa hapa ziwani, ilikuwa imelala zaidi ya miaka kumi. Mwishoni mwa mwaka 2019 ikaamshwa, ikavuka maji kwenda Port Bell, Uganda. Baadaye kikajengwa kiwanda cha meli chini ya usimamizi wa wanajeshi, na kikatoa MV Uhuru II, iliyozinduliwa mwaka 2023. Reli ya kutoka Nakuru nayo ikatengenezwa. Haya yote ni mambo ya kushukuru. Anayeona meli inayoelea badala ya meli inayooza, kisha akanuna, huyo ana neno lake jingine moyoni.

Lakini kushukuru si kunyamaza. Katika kipindi hicho hicho cha ufufuaji, vibanda vya samaki vya Lwang'ni, mahali palipojulikana na kila msafiri aliyeteremka Kisumu na njaa yake, vilibomolewa. Na mnamo Februari 2021, huko Kibos, nje kidogo ya mji, Shirika la Reli lilibomoa makazi ya Wanubi waliokuwa wakiishi pale tangu enzi za mkoloni. Watu zaidi ya 3,000 wakabaki hawana paa. Wanubi hawa ni kizazi cha askari walioletwa kutoka Sudan kuitumikia Serikali ya Kiingereza. Walisali pale, wakaoana pale, wakazikana pale. Ikaja siku wakaambiwa kwamba ardhi ni ya reli, na reli inaihitaji.

Basi swali langu ni hili: bandari inapofufuliwa, huwa inafufuliwa kwa ajili ya nani?

Ili tulijibu vizuri, yafaa kwanza tujue bandari hufa vipi. Kwani daktari asiyejua maradhi hawezi kuandika dawa, na aghalabu naona wafufuaji wetu wanampaka mgonjwa rangi usoni ilhali ugonjwa wenyewe umo tumboni.

Tuanze na Mumias, mji ulio katika kaunti yetu hii ya Kakamega, na ambako mimi nina wakwe. Msicheke mkisikia nauita Mumias bandari. Katika karne ya 19, misafara ya Waswahili na Waarabu iliyotoka pwani kwenda Uganda ilitua katika himaya ya Wawanga. Hapo ndipo walipopumzika wapagazi, ndipo waliponunua nafaka, ndipo walipobadilisha nguo na shanga kwa pembe. Joseph Thomson alipita mwaka 1883, na Askofu Hannington mwaka 1885, akiwa njiani kwenda kukutana na mauti yake Busoga. Nabongo Mumia aliwapokea wote. Huo msikiti na hicho Kiswahili mnavyovikuta Mumias mpaka leo havikuletwa na ndege. Vililetwa na mguu. Kilichofanyika Mumias ndicho kifanyikacho katika kila bandari duniani: mgeni aliteremsha mzigo wake, akateremsha na dini yake, na mapishi yake, na maneno yake, kisha akaoa.

Reli ilipopimwa mwaka 1892, wapimaji walielekea ghuba ya Berkeley, upande wa Port Victoria ya Busia. Baadaye ikaonekana iko njia fupi zaidi, ya kushukia ghuba ya Kavirondo. Reli ikafika huko Desemba 1901, na mahali pale pakaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli, Ronald Preston. Hapo ndipo Kisumu ya leo. Siku ile kipenga cha treni kilipolia ziwani, msafara wa Mumias ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na vita, wala njaa, wala tauni. Mzigo ulipata njia nyingine, basi. Mwaka 1920 hata makao makuu ya utawala yakahamishwa kutoka Mumias yakaletwa hapa Kakamega. Mumias ikabaki na heshima yake na makaburi ya watu wake wakubwa.

Sasa twende kwetu Mombasa. Bandari ya kale ya Mombasa, ile iliyo chini ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno waliianza mwaka 1593, iliishi kwa pepo mbili. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, kusi iliyarudisha. Sisi tuliosoma chuoni, tulipofika kwenye ile sura fupi ya Makureshi inayotaja safari zao mbili, ya majira ya baridi na ya majira ya joto, mwalimu hakuhitaji kutufafanulia sana. Tulikuwa tukiziona hizo safari mbili kwa macho yetu kutoka dirishani. Ijapokuwa wakati huo, mwishoni mwa miaka ya 1970, zilikuwa zimekwisha kupungua, bado majahazi yalikuja na tende na chumvi na mazulia, na yakiondoka yalibeba boriti za mikoko. Harufu ya papa mkavu ilikuwa saa yetu: ikikolea, twajua kaskazi imevuma.

Hiyo nayo ilikufa, na ilikufa polepole, kifo cha mtu anayepungua kilo. Upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, mkoloni alikuwa amejenga magati ya maji marefu. Ya kwanza yalimalizika mwaka 1926. Meli kubwa zikaenda huko na mzigo mkubwa ukazifuata. Yakaja makontena, ambayo jahazi halina pa kuyaweka. Kisha mwaka 1982 Serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje. Kwa upande wa misitu ya mikoko, uamuzi huo ulikuwa na sababu yake. Lakini jahazi likawa halina cha kurudi nacho. Na jahazi lisilo na shehena ya kurudia halioni sababu ya kuja.

Kisumu yenyewe je? Kabla hata reli haijafika, vipande vya meli ndogo ya SS William Mackinnon vilichukuliwa kutoka pwani, na sehemu kubwa ya njia vilikuwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Meli ikaungwa Kisumu, ikashushwa majini mwaka 1900. Zikafuata SS Winifred na SS Sybil, na nyingine baada yao. Pamba na kahawa za Uganda zilipita Kisumu kwenda Kilindini. Bandari hizi mbili, ya ziwa na ya bahari, zilikuwa ncha mbili za kamba moja. Ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, meli ziligawanywa kama mali ya marehemu, na ziwa likatiwa mipaka iliyokuwa mizito kuliko maji yenyewe. Malori yakachukua mzigo kwa njia ya Malaba na Busia. Reli ikachakaa. Katika miaka ya 1990 likaja gugu maji, likatandaza busati lake la kijani ghubani hata mashua ikawa haijui pa kutokea.

Msomaji mwenye makini ameshaona kwamba habari zote tatu zina uti wa mgongo mmoja. Mumias, Mombasa ya kale na Kisumu hazikufa kwa uchafu wa vibanda. Hazikuuawa na mama muuza samaki, wala na kuli, wala na Mnubi. Ziliuawa na mzigo kupita njia nyingine, na mzigo haupiti njia nyingine ila kwa amri za wakubwa: wapi reli ijengwe, nini kipigwe marufuku, Jumuiya gani ivunjwe. Wadogo walichofanya ni kubaki. Mzigo ulipoondoka, wao hawakuwa na pa kwenda, wakakaa pale pale wakitafuta riziki kwa kile kilichosalia. Lwang'ni ilikuwa nini kama si bandari iliyokataa kufa? Meli zililala, lakini samaki waliendelea kuteremshwa, moto ukaendelea kuwaka, na watu wakaendelea kuja. Kwa muda mrefu ule wa usingizi, wauza samaki ndio waliokuwa pumzi ya ufuo ule. Kumfukuza mwenye pumzi siku ya kumwamsha mgonjwa ni jambo la kushangaza.

Nawasikia wanaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema: ardhi ile ni ya reli kwa hati; waliojenga walijua si yao; moshi, maji machafu na mabanzi ya mbao vinaharibu ziwa; na bandari ni mahali pa ulinzi, si mahali pa kila mtu kuingia na sufuria yake. Katika haya mengi ni kweli. Winchi inaponyanyua shehena, sitaki mtoto apite chini yake akiuza njugu. Wala mimi si katika wale wanaodhani kwamba umaskini una haki ya kuchafua maji wanayokunywa wengine.

Lakini hati si mwisho wa haki. Hati ile ya reli iliandikwa na mkoloni, katika ardhi ambayo hakuikuta tupu. Na waliokaa juu yake miaka themanini au zaidi hawakujificha; walihesabiwa, walitozwa kodi, walipigiwa kampeni kila uchaguzi. Serikali iliyomwona mtu anapompa kura haiwezi kusema haikumwona alipojenga. Sheria inaweza kumtaka ahame. Ubinadamu unataka aambiwe mapema, aonyeshwe pa kwenda, na apewe nafasi katika kile kinachojengwa. Usafi nao una dawa yake: maji ya bomba, vyoo, mitaro na shimo la taka. Tingatinga halijapata kusafisha ziwa.

Wala tusidhani kwamba jambo hili haliwezekani. Huko Unguja, ufuo wa Forodhani uliokuwa umechakaa ulitengenezwa upya kati ya mwaka 2008 na 2009 na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Wauza mishikaki, pweza na maji ya miwa waliokuwa pale jioni zote walihamishwa wakati wa kazi. Kazi ilipokwisha walirudi, wakapangiwa mahali pao. Wako walionung'unika, kwani hakuna mpango usio na manung'uniko. Lakini mgeni anayefika Forodhani leo magharibi huikuta Forodhani, hakuti bustani ya maua inayolindwa na askari. Moshi upo, na kelele za kuita wateja zipo. Jiwe limetengenezwa na watu wamebaki.

Kinyume chake tunacho vilevile. London ilikuwa na magati makubwa yaliyolisha mitaa mizima ya makuli. Makontena yaliyaua, la mwisho likafungwa mwaka 1981. Mwaka huo huo Serikali ya Uingereza iliunda shirika la kufufua eneo lile. Lilifufuka, naam: leo pale Canary Wharf yamesimama majumba ya mabenki yanayogusa mawingu. Lakini wengi katika familia zilizobeba magunia pale hawakuweza tena kununua hata chumba katika mitaa waliyozaliwa. Wenye fedha mpya walichukua maji na mandhari, na wenyewe wakapewa historia waitundike ukutani.

Sitaki tuende mbali sana, kwani na kwetu Mombasa tuna funzo. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi tangu mapema miaka ya 1990, na Ngome ya Yesu ikaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2011. Milango ya nakshi imepata sheria ya kuilinda. Kisha mwaka 2018 wenye majumba mjini Mombasa waliamriwa kuyapaka rangi nyeupe na pambizo za buluu. Sina ugomvi na nyeupe, wala na buluu. Ni rangi nzuri. Lakini nipitapo Mlango wa Papa au Kibokoni naona nyumba ambazo wenyewe wamehamia kwingine kwa sababu riziki imehama. Sheria imelinda mlango. Aliyekuwa akiufungua haikumlinda. Na nyumba ya mawe na boriti isiyokaliwa huanguka, iwe na sheria isiwe nayo. Kule Unguja, Beit al-Ajaib, jumba kubwa kuliko yote ya ufuo ule, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu, nalo limo ndani ya Mji Mkongwe ulioandikwa na UNESCO tangu mwaka 2000.

Ukurasa huu ni wa utamaduni, na huenda msomaji akauliza kwa nini nimejaza gati na malori. Jibu liko mdomoni mwake mwenyewe. Neno bandari ni la Kiajemi. Nahodha vilevile. Forodha ni la Kiarabu. Gati limetoka Bara Hindi. Meli na boti ni ya Kiingereza yaliyovuliwa viatu yakavishwa kanzu. Maneno haya hayakutungwa na kamati. Yaliteremshwa gatini pamoja na magunia, yakachukuliwa na makuli, yakapelekwa sokoni na wanawake, yakafika bara na wapagazi hata yakaingia Mumias. Kiswahili ni mtoto wa bandari. Huwezi kukisherehekea Kiswahili kwa hotuba kisha ukawafukuza wale wale ambao midomo yao ndiyo karakana yake. Pale ufuoni Kisumu walikutana Mjaluo, Mluhya, Mganda, Mnubi, Mhindi na Msukuma, na lugha iliyowawezesha kugombana juu ya bei ya samaki na bado wapatane ilikuwa hii yetu. Ukijenga gati lenye ukuta na lango moja la malori, umejenga ghala. Hapana lugha inayozaliwa ghalani.

Sasa, kulalamika bila rai ni kelele za chura. Nami ninazo rai nne.

Kwanza, kabla ya tingatinga kuwashwa mahali popote katika kazi inayoendelea ya reli na bandari, wahesabiwe watu na shughuli zao, na hesabu hiyo ibandikwe mahali pa wazi kila mtu aisome. Mwenye kibanda aandikwe, mwenye mashua aandikwe, mchukuzi wa mkokoteni aandikwe. Na ramani mpya ikichorwa, majina hayo yawe na mahali pake ndani ya ramani.

Pili, tusijenge bandari ya meli kubwa peke yake. Uzoefu wa Mombasa unatufundisha kwamba anayetegemea chombo cha namna moja humalizwa na badiliko moja. Mashua za abiria na za samaki zipewe gati lao lililo salama, lenye taa, mizani na barafu. Kilo moja ya omena inayofika Kakamega haijaoza ina thamani kwa mama wa hapa sokoni kuliko sherehe kumi za uzinduzi.

Tatu, reli ile inayotoka Kisumu kuja Butere, ambayo imo katika kaunti yetu, isisahauliwe. Mkoloni aliijenga ili kuchota mazao ya huku. Sisi tunaweza kuitumia kupeleka mahindi na sukari na kuleta samaki. Kamba ya Kilindini na Kisumu ina ncha ya tatu, nayo iko mlangoni petu.

Nne, Makumbusho ya Kisumu, ambayo yako wazi tangu mwaka 1980, yatengewe fedha za kukusanya habari za bandari kutoka kwa walioishi nayo: mabaharia, mafundi wa reli, makuli, wapishi wa melini, wauza samaki wa Lwang'ni, wazee wa Kibos. Wazee hawa wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayezikwa anazikwa na ghala lake. Hapa Kakamega sisi tunalijua jambo hili. Migodi ya dhahabu ya Rosterman ilivuma katika miaka ya 1930, ikafungwa miaka ya 1950, na leo kijana ukimwuliza Rosterman ni nini, atakwambia ni jina la mtaa.

Watakaonijibu kwamba haya yatachelewesha maendeleo, nawaomba wapige hesabu. Bandari ya Kisumu ililala miaka mingi kwa makosa ya wakubwa, na hakuna aliyekimbia. Leo tukisubiri miezi sita ili watu 3,000 wapate pa kulala, hakuna meli itakayozama kwa ajili hiyo. Na tukishawafukuza, meli zikija tukahitaji wachukuzi, wapishi, washonaji wa maturubai, mafundi wa injini na waijuao tabia ya ghuba ile kunapovuma upepo, tutawatafuta wapi? Mpango wowote wa kufufua ufuo unaoanza na kubomoa, kisha ndipo uulize nani alikuwa akikaa pale, mimi nauhesabu kuwa umeanzia mkiani.

Nimekwisha kusema ya nathari. Na kwa kuwa kalamu ya mshairi haijui kuondoka bila kuaga, nawaachia ubeti huu wenye madaraka wa Kisumu na wa Mombasa, waupokee kwa moyo ule ule ninaoutolea:

Bandari haiwi gati, wala rangi ukutani,
Pasipo watu wa dhati, na nyayo za ufukweni,
Nahodha bila maboti, ni mgeni baharini,
Mpeni na yeye kiti, mwenyeji msimkhini.